Kwa nini sinthesaiza yangu inabahatisha kila sekunde lakini haibadiliki?

"Shikamoo mwalimu. Nina Behringer Neutron niliyoinunua mkononi mwa mtu. Nimeona watu wanachomeka nyaya, wanaondoa mikono, na mashine inapiga peke yake saa nzima huku muziki ukiendelea kugeuka. Mimi nimechomeka S&H ("sample and hold", sehemu inayotoa volteji za kubahatisha) kwenye osileta, yaani vizalisha sauti, zote mbili. Dakika ya kwanza inafurahisha, dakika ya tatu nimeshachoka, ni milio ya roboti inayorukaruka. Nikiiacha nusu saa nikarudi nakuta mambo ni yaleyale, na nikiongeza kubahatisha ndiyo inazidi kuharibika. Tuni nayo inahama. Je, shida ni kwamba sina moduli (vipande vya sinthesaiza vinavyouzwa kimoja kimoja) za kutosha? Kuna jamaa anauza kisanduku cha Eurorack (mfumo wa kupanga moduli ndani ya sanduku moja) kilicholetwa kutoka Marekani. Halafu nikichomeka waya vibaya, naweza kuiunguza?"

Marahaba. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu anayeogopa kuunguza hajaribu kitu. Kwenye chombo cha aina yako, tundu moja la kutoa unaweza kulipeleka kwenye matundu mengi ya kupokea bila wasiwasi. Matundu mawili ya kutoa yakikutana, saketi mbili zinavutana, kila moja ikitaka volteji yake ndiyo isimame. Watengenezaji wa siku hizi hulijua hilo, ndiyo maana huweka rezista, mara nyingi ya kama kilo-omu moja, kwenye tundu la kutoa ili mvutano huo usilete madhara. Ukikosea, chomoa, endelea na kazi. Usiache tu hivyo usiku kucha. Hatari ya kweli iko kwenye umeme unaoingia kutoka ukutani, na huko nitafika nitakapozungumzia hicho kisanduku.

Sasa shida yenyewe. Nikikuelewa vizuri, unalalamika kwamba mashine inabadilika kila sekunde na bado haibadiliki. Umesikia sawasawa kabisa, na masikio yako hayana kosa. Kosa liko kwenye dhana ambayo karibu kila anayeanza huwa nayo, kwamba kubahatisha ndiko kunakoleta uhai. Wapo watu wenye makabati mazima ya moduli ambao bado wamekwama hapohapo ulipokwama wewe.

Tazama kinachotokea ndani. Kelele nyeupe ni volteji inayoyumba haraka mno, juu na chini, bila mpango wowote. Kila saa ya mapigo inapogonga, S&H inachukua kipimo cha volteji ilivyo wakati huohuo, inakihifadhi kwenye kapasita, na kukishika mpaka pigo linalofuata. Kwa hiyo unapata ngazi, thamani moja baada ya nyingine. Lakini kila thamani imezaliwa peke yake. Noti ya tano haijui chochote kuhusu noti ya nne. Sikio la binadamu linapenda kutafuta uhusiano kati ya noti na noti. Likikosa, linaacha kufuata noti moja moja na kuanza kusikiliza jumla. Na jumla ya kubahatisha kwa namna hii haibadiliki kamwe. Wastani wa juu na chini ni uleule, upana ni uleule, mwendo ni uleule, dakika ya kwanza na dakika ya thelathini. Ukiongeza nguvu ya kelele unapanua tu miruko. Hakuna kinachokwenda popote.

Kuna tiba ya haraka ya kuanzia, ingawa haimalizi ugonjwa. Sinthesaiza nyingi za analogi hufuata kanuni ya volti moja kwa oktava moja. S&H ikitoa kutoka volti tano chini ya sifuri hadi tano juu, hizo ni oktava kumi, na piano nzima ina oktava saba na robo tu. Ndiyo ile roboti yako. Pitisha waya wa S&H kwenye kipunguzi, kile kilichoandikwa ATT, ukipunguze mpaka miruko yote iwe ndani ya oktava moja, au hata chini ya hapo. Nusu toni ni kama milivolti 83 tu, kwa hiyo nobu utaigeuza kidogo sana, kidogo kuliko mkono wako unavyotaka. Utashangaa jinsi sauti inavyotulia. Roboti inaondoka, lakini ule mkao wa kutokwenda popote unabaki.

Wengine hukushauri utumie osileta za polepole mbili zenye vipindi visivyolingana, tuseme sekunde 7 na sekunde 11. Zitakutana upya kila baada ya sekunde 77, na kwa kuwa osileta za analogi hazishiki muda sawasawa, kiuhalisia hazitajirudia. Ushauri huo si mbaya, nami huutumia. Ila kutojirudia si sawa na kuendelea. Mawimbi ya bahari hayajirudii hata mara moja, na bado ukikaa ufukweni asubuhi nzima hakuna hadithi iliyosonga mbele. Ili muziki usonge, yaliyotokea lazima yaathiri yatakayotokea, na kuwe na jambo la polepole linalotawala mambo ya haraka. Kumbukumbu na ngazi za mwendo, hivyo viwili ndivyo ninavyovitafuta katika kila pachi, yaani mpangilio wa nyaya, ya aina hii.

Waliotangulia waliliona hili mapema. Don Buchla, aliyekuwa akitengeneza vyombo vyake Berkeley, California, tangu miaka ya 1960, aliweka kwenye familia yake ya 200 moduli nzima kwa ajili ya kutotabirika, ile 266. Hakuipa tundu moja la kubahatisha. Aliigawa: volteji inayoelea polepole, ambayo unaamua iyumbe kwa kasi gani; volteji ya kuruka kwa hatua, ambayo unaamua iwe na hatua ngapi za kuchagua; na volteji ya kushikwa ambayo unaweza kuielemeza, thamani ndogo zitoke mara nyingi kuliko kubwa au kinyume chake. Yaani kwake swali lilikuwa ni kubahatisha kwa namna gani, na ndani ya mipaka ipi. Nakushauri ulichukue swali hilo kama lilivyo.

Mfano mwingine maarufu ni pachi iitwayo Krell, iliyosambazwa na mtunzi Todd Barton wa Marekani. Jina limetoka kwenye filamu ya mwaka 1956 ambayo muziki wake Louis na Bebe Barron waliutengeneza kwa saketi walizoziacha zifanye kazi mpaka nyingine zikaungua. Wazo lake ni fupi: envelopu (volteji inayopanda na kushuka ili kuipa noti umbo lake) ikimaliza safari yake ndiyo inayoamuru noti mpya, na ile thamani mpya iliyobahatishwa inaamua pia safari inayofuata iwe ndefu au fupi. Noti inaamua umri wake yenyewe. Ghafla hakuna tena saa ya mapigo inayogonga kama mashine ya kiwandani, kuna pumzi.

Wewe huna moduli ya Buchla, lakini wazo hilo linaingia kwenye Neutron yako leo hii. Unahitaji nyaya zako na vigawanyaji viwili vya waya wa milimita 3.5, vile vinavyouzwa kwa ajili ya watu wawili kusikiliza simu moja. Weka LFO (ile osileta ya polepole) iwe na umbo la mraba, polepole kiasi cha pigo moja kila sekunde moja au mbili. Toa LFO kwenye kigawanyaji: tawi moja liende kwenye geti (tundu la kuiamsha) la envelopu ya kwanza, tawi la pili kwenye saa ya S&H. Sasa kila pigo linazaa noti na thamani mpya kwa pamoja. Toa S&H, ipitishe kwenye kipunguzi cha pili, kisha kwenye MULT, inayogawa volteji moja kwenye matundu mawili. Kutoka hapo waya mmoja uende kwenye osileta zote mbili na mwingine uende kwenye RATE (kasi) ya LFO. Hapo tayari umefunga duara: thamani inapanda, sauti inapanda, na mwendo unaharakika, kwa hiyo noti za juu zinapita upesi na za chini zinakaa. Ukitaka kinyume, noti za juu zining'inie, pitisha ule waya wa mwendo kwenye INVERT, inayopindua volteji, kwanza. Sikiliza hii kwa muda kabla ya kuongeza kitu. Mara nyingi hapa ndipo mtu anaposema, "Kumbe!"

Hatua inayofuata ni kumbukumbu. Kwa kawaida S&H yako inachukua kelele bila wewe kuchomeka kitu. Tutainyima kelele tupu. Chukua kelele, ipunguze kwa kipunguzi cha kwanza, uipeleke kwenye SUM, inayojumlisha volteji, pamoja na envelopu ya pili, na jumla hiyo uiingize kwenye tundu la kupokea la S&H. Envelopu ya pili iwe ya polepole sana: kupanda na kushuka kuchukue muda mrefu kadiri nobu zake zinavyoruhusu, na nobu ya kudumisha (SUSTAIN) iwe sifuri. Sasa S&H haichukui tena vipimo kutoka kwenye vurugu, inachukua vipimo kwenye mlima unaopanda na kushuka taratibu huku kelele ikiutikisa kidogo. Noti zitapanda kwa ujumla wao, zitatangatanga, zitashuka. Noti ya tano itakuwa jirani ya noti ya nne. Ukipunguza kelele utasikia ngazi safi, ukiiongeza utasikia ulevi. Nobu hiyo moja, nakuambia kwa dhati, ina muziki mwingi kuliko moduli tatu utakazonunua.

Na nani anaiamsha envelopu ya pili? Hapa ndipo penye utamu. Tundu la geti halijali kama ulichokiingiza ni geti halisi. Linaangalia tu kama volteji imevuka kiwango fulani. Kwa hiyo weka kigawanyaji chako cha pili kwenye tundu la kutoa la S&H, kabla ya kipunguzi, na tawi lake moja lipeleke kwenye geti la envelopu ya pili. Thamani zikiwa chini, hakuna kitu. Mara moja moja kelele inasukuma thamani juu ya kiwango, envelopu inaamka, mlima unaanza kupanda, noti zinapanda nao, nazo zinaweza kuushikilia au kuuangusha njiani zikishuka chini ya kiwango. Hakuna anayejua lini. Na kwa kuwa envelopu hiyohiyo ya pili unaweza kuielekeza kwenye filta (kichujio cha sauti), kila mlima utakuja na mwanga wake: sauti inafunguka noti zinapopanda, inafumba zinaposhuka.

Wachezaji wa amadinda wa Buganda wanaijua kanuni hii bila umeme. Wapigaji wawili wanakaa wakitazamana kwenye marimba moja, kila mmoja na mfululizo wake mwepesi, mapigo ya huyu yakiingia katikati ya mapigo ya yule. Katika mchanganyiko huo zinazuka sauti ambazo hakuna hata mmoja wao anayezipiga. Mpigaji wa tatu anasikiliza noti zinazoangukia vibao viwili vya chini kabisa tu, na kuzirudia juu kwenye vibao viwili vya mwisho. Yeye ndiye geti la envelopu yako ya pili. Anachuja mkondo mzima kwa kigezo kimoja na kutoa sauti mpya kutokana na kilichokwisha kuwepo. Sikiliza rekodi yoyote nzuri ya amadinda kabla ya kurudi kwenye nyaya. Utaelewa haraka kwa nini mifululizo miwili myepesi inayoingiliana inashinda mfululizo mmoja mgumu.

Utajuaje kama pachi yako inaendelea kweli au inajizungusha tu? Rekodi dakika 20 bila kugusa kitu. Kisha mwombe mtu akuchezee vipande vya nusu dakika kutoka sehemu tatu tofauti bila kukuambia ni wapi. Ukiweza kusema "hii ni tofauti na ile", iwe kwa wingi wa noti, kwa uzito, kwa mwanga wa filta, una pachi hai. Ukishindwa, usiongeze kubahatisha. Ongeza polepole: kitu kinachochukua dakika nzima au zaidi kubadilika, kinachogusa jambo moja kubwa, kwa mfano kiasi cha kelele kinachoingia kwenye ile SUM. Na acha baadhi ya vitu visiguswe kabisa. Osileta moja iking'ang'ania noti ya msingi chini, mabadiliko ya nyingine yanasikika mara mbili zaidi, kwa sababu sikio lina mahali pa kupimia.

Kuhusu ununuzi nitakuambia wazi. Kwa shida uliyoniandikia, moduli zaidi hazitasaidia leo. Kama una kompyuta, pakua VCV Rack, programu ya bure iliyotoka mwaka 2017, inayoiga Eurorack kwenye skrini. Jaribu humo kila moduli unayoitamani kabla ya kutoa hata shilingi. Baada ya miezi michache ya kuielewa Neutron, kuna vitu viwili ninavyodhani vitakuongezea kweli. Kimoja ni kwantaiza, kinachosogeza volteji kwenye noti za skeli uliyochagua. Kama masikio yako yamelelewa na taarab, tafuta inayokuruhusu kuweka skeli yako mwenyewe, maana kwantaiza ya nusu toni 12 haitakupa ile noti ya tatu ya maqam Rast (skeli ya Kiarabu) inayokaa katikati ya mbili za piano. Cha pili ni kifaa chenye kumbukumbu ya kubahatisha. Turing Machine ya Tom Whitwell, iliyotoka mwaka 2012, ndiyo mfano wangu wa kwanza: inazungusha biti 16, na nobu moja inaamua kama biti zitabaki kama zilivyo au zitageuzwa. Ukiifunga, unapata mfululizo unaojirudia. Ukiifungua kidogo, mfululizo unabadilika noti moja moja, kwa muda mrefu, ukiwa bado unatambulika. Mchoro wake uko wazi kwa umma, kwa hiyo fundi mwenye mkono mzuri wa kuchomea anaweza kukujengea.

Tuni inayohama usiilaumu sana. Ndani ya osileta ya analogi kuna jozi ya transista inayobadilisha volteji ya mstari kuwa masafa yanayoongezeka maradufu kwa kila oktava, na tabia ya transista hiyo inategemea joto. Kwenye saketi isiyofidiwa kwa joto, digrii moja tu ya Selsiasi inabadilisha kipimo hicho kwa karibu theluthi moja ya asilimia, ambayo katika upana wa oktava tatu ni kama senti 12 (senti 100 ni nusu toni), na hizo sikio linazisikia. Watengenezaji huweka fidia, lakini hakuna fidia kamili. Washa chombo nusu saa kabla ya kuituni. Kama uko Dar na feni au kiyoyozi kinapuliza moja kwa moja kwenye paneli, kigeuze kielekee kwingine. Ikiwa baada ya hapo oktava ya chini iko sawa na ya juu imepotoka siku zote kwa kiasi kilekile, hilo si joto, ni kipimo cha ndani kinachohitaji kurekebishwa. Hapo mpelekee fundi wa vyombo vya muziki mwenye oskiloskopu na kipima-tuni, wala usianze kuzungusha skrubu za ndani kwa kukisia.

Sasa kisanduku cha jamaa. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 230 au 240. Angalia kibandiko cha adapta au cha usambazaji wa umeme: kikisema 100–240V, salama. Kikisema 120V pekee, usikichomeke ukutani hata kwa sekunde moja ya kujaribu. Unahitaji transfoma ya kushusha au adapta mpya inayolingana, na mwache fundi umeme akuthibitishie. Ndani ya kisanduku, kila moduli inaunganishwa kwa utepe wa nyaya wenye mstari mwekundu pembeni, na kwa desturi mstari huo ni upande wa volti 12 hasi. Moduli nyingine zina kinga dhidi ya utepe uliogeuzwa, nyingine hazina, na zisizo na kinga hufa papo hapo. Kama mwenye kisanduku hawezi kukifungua mbele yako, akakuonyesha mistari yote na kukiwasha, usinunue. Na kama umeshakinunua ukasikia harufu ya kuungua, au ukahisi mtetemo wa umeme ukigusa paneli ya chuma, zima ukutani, chomoa, na usikiwashe tena mpaka mtu mwenye mita ya umeme akikague mbele yako.